Bunduki Tano Kabatini kwa Bi Apolonia

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo Kidogo cha Polisi Mikoroshoni, njia ya Kawe, Dar es Salaam
Jumatatu, tarehe 16 Agosti 1954, saa nne asubuhi

Jina: Apolonia Kokushubila, mjane wa Theonest
Umri: miaka arobaini na minane, kwa kukisia
Kabila na dini: Mhaya, Mkatoliki
Kazi: mkulima wa muhogo na migomba
Makazi: Mikoroshoni, nyumba ya bati jirani na bomba la maji

Ninaeleza kwa hiari yangu:

Mimi ndiye mwenye nyumba ambamo bunduki tano zilikuwamo jana. Moja ni yangu. Ni bunduki ya marisawa, zile risasi ndogo ndogo, aliyoniachia marehemu mume wangu, na leseni yake imeandikwa jina langu. Nne si zangu, wala sikuzikusanya. Nimesomewa kwamba Inspekta ameandika "ghala la silaha". Ni kabati la nguo.

Mnamo tarehe 4 Agosti, siku ya Jumatano, saa tatu asubuhi, Jumbe alituita barazani kwenye banda la soko. Alikuja Mzungu mmoja, Bwana Shauri msaidizi wa wilaya, pamoja na mkalimani wake. Alisema kwamba kwa sababu ya mambo ya Kenya, ya wapiganaji wa msituni, Serikali inafikiri bunduki zote za raia ziwekwe katika nyumba moja kila mtaa, chini ya mtu mmoja mwaminifu mwenye ufunguo. Anayetaka yake aende kuiomba, akimaliza airudishe. Alisema hilo ni pendekezo tu, si sheria bado, na kwamba amekuja kutusikiliza. Nadhani baadaye alijuta kulisema hilo.

Wa kwanza kusimama alikuwa Mzee Salumu, jirani yangu, Mzaramo, mwenye gobore la babu yake. Alisema, "Wakati wa Mjerumani babu alilizika shambani akapanda muhogo juu yake. Mjerumani akaondoka, gobore likabaki. Halitavuka kizingiti cha mtu mimi nikiwa hai." Watu walipiga makofi.

Akasimama Mwalimu Gaspar wa shule ya misheni. Alisema Kiingereza kwa muda mrefu, kisha akajitafsiria mwenyewe kwa ufupi. Alisema hataki.

Akafuata Albano, mchonga vinyago kutoka Newala. Yeye alisema kama Serikali inapenda sana kutunza bunduki, ataichongea za mpingo, nzuri kuliko hizi, na haziliwi na kutu. Mkalimani alicheka kabla ya kutafsiri, jambo ambalo Bwana Shauri hakulipenda.

Wa mwisho alikuwa Leonardi, mzee wa kanisa letu. Alisema Bwana Yesu alimwamuru Petro arudishe upanga alani mwake. Hakumwambia aupeleke bomani.

Mimi nami nilinyoosha mkono. Jumbe akaniambia, "Mama, hili ni baraza la wenye bunduki." Nikasema ninayo. Akasema, "Basi ni la wanaume wenye bunduki." Nikakaa. Nilitaka kusema tu kwamba nguruwe mwitu wanaotoka vichakani huingia shambani bila kuomba ufunguo kwa mtu, na kwamba mtu asiye na bunduki karibu anawalimia wao. Sikulisema. Baraza lilivunjika kwa kelele saa tano.

Jioni ile, bombani, wanawake walikuwa wakisema askari watapita nyumba kwa nyumba kupekua. Sijui nani alianzisha uvumi huo. Niliteka maji nikaenda zangu.

Kesho yake, Alhamisi tarehe 5, saa tatu asubuhi, Mzee Salumu alibisha hodi kwangu akiwa na mkeka umekunjwa begani. Nilimwamkia shikamoo. Hakuitikia vizuri, alikuwa anatazama nyuma. Alisema, "Binti yangu, nakuachia mkeka huu. Usiukunjue." Nikamwambia mkeka una kitako cha mti kinachotokeza. Akasema, "Hao askari hawatapekua kwako. Leseni yako safi, na wewe mtu wa kusali. Lakini usimwambie mtu, hasa Gaspar, ana maneno mengi." Niliutia kabatini, kwenye upande wa makoti ya marehemu.

Ijumaa saa nane mchana alikuja Mwalimu Gaspar na ramani ya dunia ya shuleni, ile inayoning'inizwa ukutani. Alisema imeanza kuliwa na mchwa na chumba changu ni kikavu. Ramani ilikuwa nzito. Nilipoipokea, mtutu ulitokeza kwa chini. Alisema, "Nakusihi, dada. Msimamo wangu barazani unajulikana. Habari isifike kwa Albano, atanichongea kinyago."

Jumamosi saa nne asubuhi Albano alikuja na mkokoteni. Juu yake palikuwa na sanamu ya Mtakatifu Yosefu, kimo cha mtu mzima, imefunikwa kanga. Alisema ni ya kanisa la Lindi na anaomba ikae kwangu mpaka rangi ikauke. Nilifunua kanga. Mtakatifu alikuwa ameshika fimbo yake kama kawaida, isipokuwa fimbo ilikuwa na mtambo wa kufyatulia. Nilimfunika tena. Albano akasema, "Mama Apolonia, wewe ni mtu wa siri. Mzee Salumu asijue, atasema wa kusini ni waoga."

Jumanne tarehe 10, saa kumi jioni, alikuja Mzee Leonardi. Gobore lake halina leseni. Alilizungushia bendera ya maandamano ya kanisa, akasema sikukuu ya Bikira Maria inakaribia na bendera inahitaji mahali pasipo na unyevu. Kwa kuwa mgongo unamsumbua, lilibebwa na mkwewe, mume wa binti yake Sesilia.

Nimeulizwa jina la mkwe huyo. Nimemwomba Koplo aniulize swali jingine. Ameniuliza tena lile lile. Nimejibu kwamba ni yeye mwenyewe, Koplo Kasiani, anayeandika maelezo haya, na siku ile hakuwa amevaa kofia.

(Kuanzia hapa maelezo yanaandikwa nami, Sajenti Adelard. Koplo Kasiani ametoka chumbani.)

Naendelea. Sikumwambia mtu yeyote. Kila mmoja aliniomba siri na kila mmoja nilimpa. Nilipokutana nao njiani kila mmoja alinikonyeza. Bi Tabu, mke wa Mzee Salumu, aliniuliza kwa nini mumewe ananikonyeza. Nilimwambia labda ni mavumbi. Jambo hilo lilinikera, maana Bi Tabu ni rafiki yangu. Tangu Theonest afariki, mwaka wa tatu sasa, hajapita juma asinipikie kitu.

Jana, Jumapili tarehe 15 Agosti, ilikuwa sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni. Tuliandamana bila bendera. Padre aliuliza iko wapi. Leonardi akakohoa.

Saa tisa alasiri nilikuwa jikoni kwangu nikichambua mchicha. Nilisikia Bi Tabu akipiga ukelele uani kwake. Ua wake na wangu unatengwa na boma la minyaa tu. Nilichungulia nikaona nguruwe dume, mkubwa, amekwisha kuangusha kinu na kutawanya unga. Bi Tabu alikuwa amepanda juu ya banda la kuku. Banda hilo ni la fito na makuti. Lilikuwa linainama upande mmoja, na nguruwe alikuwa analipiga kwa kichwa.

Mzee Salumu alikuwa barazani kwake akicheza bao na Albano. Nilimwona akiinuka na kukimbia. Alipita mbele ya banda, akampita mkewe, akampita na nguruwe, akaja kwangu. Albano alikuwa nyuma yake.

Nilipofika mlango wa mbele niliwakuta wanne. Mwalimu Gaspar na Leonardi walikuwa wamesikia ukelele kutoka njiani. Wote walikuwa wanahema, na walipoonana walisimama. Mwalimu alisema amepita kunisalimu. Leonardi alisema amekuja kunialika kwenye rozari. Albano alisema anataka kumwona Mtakatifu Yosefu kama amekauka. Mzee Salumu alisema amekuja kuomba chumvi.

Bi Tabu akapiga ukelele mwingine, na mti wa banda ukalia kwa kuvunjika.

Mzee Salumu akasema, "Apolonia, nipe chumvi yangu!"

Nilifungua kabati. Mle ndani palikuwa na mkeka, ramani, bendera na Mtakatifu Yosefu, vimepangwa. Walitazama. Kisha walitazamana. Mwalimu alisema, "Hata wewe?" Sikujua anamwambia nani, na nadhani wote walijua ni wao. Niliwaambia watasemezana baadaye, mtu yuko juu ya banda.

Hapo walivamia kabati kwa pamoja. Leonardi alichukua gobore la Salumu. Salumu alichukua la Leonardi, akavutana na bendera kwa kuwa ilikuwa imefungwa mafundo. Albano hakuweza kuitoa fimbo mkononi mwa Mtakatifu, aliigandisha mwenyewe kwa gundi, basi akambeba Mtakatifu mzima. Mwalimu alipata bunduki yake, ila risasi alikuwa amezificha shuleni. Aliendelea kuishika hivyo hivyo. Walikimbilia mlangoni wote wanne bega kwa bega. Mlango wangu ni mwembamba. Mitutu ilipishana kwenye miimo na wakakwama pale, kila mmoja akimwamuru mwenzake arudi nyuma.

Mimi nilichukua bunduki yangu nikatokea mlango wa jikoni. Nilipita kwenye mwanya wa minyaa. Nguruwe alikuwa ameshatoboa banda na kuku walikuwa wanatoka. Bi Tabu aliniona akanyamaza kabisa ili nguruwe asigeuke. Nilisogea mpaka karibu na kinu. Aliponigeukia nilipiga mara moja, akaanguka.

Niliposikia mlio wa pili nilidhani nimepiga tena bila kujua. Ilikuwa ni Leonardi mlangoni. Alishtushwa na mlio wangu akafyatua gobore la Salumu, ambalo Salumu alikuwa ameapa kwamba ni tupu. Bati langu lina tundu la kupitisha kuku. Hakuumia mtu. Mtakatifu Yosefu amepoteza sikio.

Nilimteremsha Bi Tabu. Alinishika mkono. Nilikaa juu ya kinu kilichoanguka nikalia kidogo, kwa maana ningekosa, ningekuwa nimempoteza yeye naye. Nilijifuta uso kabla ya wanaume kufika.

Ndipo walipotokea askari wa doria kutoka barabarani, pamoja na Inspekta. Walichokiona ni moshi, wazee wawili wenye magobore, mwalimu mwenye bunduki na ramani ya dunia shingoni, mtu aliyekumbatia sanamu yenye silaha, na bendera. Inspekta alipuliza filimbi. Alitaka kujua kiongozi wa kikosi ni nani. Wote walininyooshea kidole.

Wanaume waliletwa hapa, na bunduki zote tano zilichukuliwa. Nguruwe naye alichukuliwa kama kielelezo. Jioni nilipoleta chakula cha mahabusu nilisikia harufu ya nyama ikichomwa nyuma ya kituo. Sikuuliza. Mzee Salumu, ambaye ni Mwislamu, alikuwa ameomba ahamishiwe chumba cha upande mwingine.

Asubuhi hii saa mbili Bwana Shauri msaidizi alifika hapa. Mimi nilikuwepo. Aliwauliza, kupitia mkalimani, imekuwaje walikataa barazani bunduki kukaa nyumba moja kwa mtu mmoja, kisha wakaenda kuziweka nyumba moja kwa mtu mmoja. Mzee Salumu akajibu, "Bwana, ile ilikuwa amri. Hii kila mtu alijitakia mwenyewe." Bwana Shauri aliuliza ni nani wangemkubali awe mtunzaji, kama sheria ikipita. Walinitaja wote kwa pamoja. Nimekataa. Nimemwambia mtunzaji analala na ufunguo wa watu, na wakati wa nguruwe wenye bunduki hukwama mlangoni. Alicheka, akaandika. Sijui Serikali itaamua nini.

Nimeulizwa kama wanaume hawa walikuwa na nia mbaya juu ya Serikali. Nimejibu kwamba hata juu ya nguruwe hawakuwa na nafasi ya kuwa nayo. Ninaomba Leonardi asifungwe kwa ajili ya leseni, apewe muda akaikate. Na ninaomba bunduki yangu leo, kwa sababu yule dume hakuwa peke yake.

Kuhusu Bi Tabu, amelala kwangu usiku wa jana. Hasemi ana hasira. Alisema neno moja tu wakati wa kula: "Nilimwona akinipita." Asubuhi alikoroga uji mwenyewe tukaja nao. Aliupitisha kwenye nondo za mahabusu bila kumtazama mumewe. Mzee Salumu aliupokea kwa mikono miwili. Wenzake walikuwa wanatazama, na askari wa zamu vilevile. Akasimama wima, akasema, "Shikamoo, Tabu."

Sijawahi kumsikia mume akimwamkia mkewe hivyo. Bi Tabu akajifunga kanga upya. Kisha akasema, "Marahaba. Kunywa, utapoa."

Niliyoyaona na kuyasikia nimeyasema. Mengine waulizwe wenyewe.

(Sahihi) Apolonia Kokushubila

Nathibitisha kwamba maelezo haya nimemsomea shahidi kwa Kiswahili naye ameyakubali. Amesahihisha mahali pamoja, nilipoandika kwamba nguruwe "aliuawa na wananchi". Bunduki moja ya marisawa, mali ya shahidi, amerudishiwa leo saa sita mchana. Kielelezo cha nguruwe hakijaonekana, uchunguzi unaendelea.

(Sahihi) Sajenti Adelard, Kituo Kidogo cha Polisi Mikoroshoni