Mluzi wa Upande wa Kulia

Castel Morello, 4 Novemba 1958

Mpendwa mdogo wangu Ilde,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, shemeji Dario na Fiorenza. Mimi sijambo, ukiacha magoti. Miaka ishirini na sita ya kukaa kwenye shimo la jukwaani, nikiwanong'oneza waimbaji maneno waliyopaswa kuyajua, imeyafanya yalie kuliko ngazi za kanisa. Mke wangu anasema mimi ndiye mtu pekee mjini anayewajua wakubwa kwa soli za viatu vyao.

Baba si mzima sana. Kifua kinambana, na daktari ameniambia pembeni kwamba akifika kiangazi itakuwa bahati. Bado anakwenda ghalani kila asubuhi kugonga magurudumu ya jibini kwa kinyundo chake, anasikiliza kama ndani kuna ufa. Nilipomtajia kwamba unaomba kuja kumwona, aliinuka akaenda kulisha kuku. Kuku walikuwa wameshakula.

Sasa sikiliza. Opera ya sikukuu ya Mtakatifu Stefano mwaka huu ni ya koo mbili zinazochinjana mpaka habaki wa kufunga mlango. Mwimbaji wa nafasi ya binti ameugua, na mkurugenzi amepewa karatasi yenye jina la msichana wa Genova: Fiorenza Ghiretti. Karatasi ile nilitaka kuimeza.

Kama hujamweleza mtoto, mweleze. Mwaka 1921 baba mdogo wa baba yake aliimba hapa, sauti ikamkatikia, na babu yetu akampigia mluzi wa kumzomea. Tangu hapo, kule roshani ya juu, akina Ghiretti hukaa kushoto na sisi akina Bertolazzi kulia. Wanachokipigia makofi wao, sisi tunakizomea, na wao vilevile. Wewe ulipoolewa kushoto, baba alilifuta jina lako mdomoni.

Wazo langu ni hili: Fiorenza aimbe kwa jina jingine. Baba amsikie kwanza, ampende, halafu nimwambie ni mjukuu wake. Masikio ya yule mzee yana haki. Kichwa ndicho kinachoyaharibia kazi.

Kaka yako,
Ottorino

Genova, 16 Novemba 1958

Kaka Ottorino,

Shikamoo. Sisi wazima, ila mvua imetuchosha. Wifi na magoti yako nawasalimu.

Nimeisoma barua yako mara nne. Fiorenza amekubali kabla sijamaliza kumsomea, unajua umri wa miaka ishirini na moja ulivyo. Dario nimemwambia ni opera tu, sikusema wapi. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, na huu ndio uongo wangu wa kwanza mkubwa.

Sitaki urithi, kaka, wala sitaki aniombe radhi. Nataka baba anitaje kwa jina langu mara moja kabla hajafa, nami niwe nimekaa kando ya kitanda chake. Basi. Kama binti yangu anaweza kunifungulia mlango huo, aimbe.

Lakini naomba kitu kimoja. Mwambie baba ukweli kabla pazia halijafunguliwa, si baada. Mtoto asizomewe na babu yake asiyemjua. Niahidi.

Mdogo wako,
Ilde

Castel Morello, 20 Desemba 1958

Mpendwa Ilde,

Natumaini hamjambo. Fiorenza hajambo kabisa, anakula tambi za tortelli za mke wangu kama mchimba mitaro na kuniita mjomba kwa sauti ya chini tukiwa peke yetu. Kwenye matangazo ni Fiorenza Mori.

Juzi baba alipita nyuma ya ukumbi wakati wa mazoezi. Alisimama kwenye theluji bila kofia. Nikamkuta pale nikamuuliza anangoja nini. Akasema, "Huyo mtoto ndani hana ufa." Ilde, kwa mzee yule hayo ni machozi.

Nilikuahidi kumwambia, nami nitatimiza. Nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa amelala, mara ya pili nilitamani awe amelala. Una kaka mwoga, si habari mpya. Acha kwanza amsikie mara moja zaidi, moyo ulainike.

Kaka yako,
Ottorino

Castel Morello, 28 Desemba 1958

Mdogo wangu,

Fiorenza atakuwa ameshafika, na sijui amekueleza kiasi gani. Nakuandikia nilichokiona, au tuseme nilichokisikia, maana shimoni kwangu huonekana viatu na mapindo ya magauni tu.

Sikumwambia baba. Nianzie hapo.

Onyesho lilikuwa la alasiri, ukumbi umejaa hadi milangoni. Mtoto aliimba wimbo wake wa kwanza kama maji yanayoteremka. Nilisahau hata kugeuza ukurasa. Halafu kabla noti ya mwisho haijatua, upande wa kushoto wa roshani wote ukasimama. Akina Ghiretti, wazee kwa watoto, wakapiga makofi na kupaza sauti, "Huyu wetu!" Sijui nani aliwaambia.

Baba alisikia makofi ya kushoto. Hakuhitaji kitu kingine. Akatia vidole viwili mdomoni, na ule mluzi wake ningeutambua hata kaburini. Nyuma yake upande wa kulia wote ukafuata. Fiorenza aliinama kuniangalia. Nilimpa neno. Nikampa tena, nikapaza sauti, nikamwimbia kabisa kwa koo langu hili la bata. Hakusikia. Viatu vyake vilisimama mbele ya pua yangu, vikageuka, vikaondoka.

Nyumbani nilimwambia mzee ni nani aliyemzomea. Akasema, "Nilizomea mikono yao. Sauti ya yule mtoto sikuwa na neno nayo." Halafu akavua viatu, akapanda kitandani, na hajashuka mpaka leo.

Nisamehe.

Kaka yako,
Ottorino

Genova, 11 Januari 1959

Kaka Ottorino,

Tumo. Fiorenza amefunga piano na ufunguo ameutupa baharini, nilimwona. Jumatatu ameanza kazi kwenye ofisi ya tiketi za meli. Dario amejua kila kitu na tunakula bila kuongea.

Akina Ghiretti niliwaambia mimi. Nilimwandikia mama mkwe ili mtoto awe na mtu wa kumpigia makofi. Nilifikiri namsaidia. Kwa hiyo usidhani nakulaumu peke yako. Lakini kitu nilichokuomba kilikuwa kimoja, na sentensi yake ilikuwa fupi.

Usiniandikie tena. Nikiona mwandiko wako kwenye bahasha nausikia ule mluzi.

Ilde

Castel Morello, 2 Machi 1959

Mpendwa Ilde,

Usishtuke. Nimemwomba paroko aandike bahasha hii kwa mkono wake, ili uifungue. Barua yangu ya Februari ilinirudia jana ikiwa imefungwa vilevile, na umeandika juu yake "irudishwe". Sikulaumu. Ila ndani yake kulikuwa na maneno yasiyo yangu.

Tarehe kumi na moja Februari baba aliniita akaniambia nichukue kalamu. Aliyasema polepole, nami, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, niliandika badala ya kunong'oneza. Alisema, "Ilde, njoo. Mlete na yule mtoto." Akaniagiza niipeleke posta siku hiyohiyo.

Baada ya hapo alikutaja kila siku. Alimuuliza mke wangu kama bado unapenda mkate wenye ukoko mgumu. Alitaka kitanda kigeuzwe kielekee mlangoni, tukakigeuza. Kila jioni aliuliza, "Ilde amefika?"

Nilipaswa kumwambia hujajibu. Unanijua. Nilimwambia reli ya milimani imefunikwa na theluji na treni imechelewa. Akaniuliza kwa saa ngapi. Nikasema si nyingi.

Tumemzika Ijumaa iliyopita. Akina Ghiretti walikuja, wakasimama kushoto kwa kaburi, sisi tukasimama kulia.

Alikufa alfajiri, macho mlangoni. Neno la mwisho aliloniambia lilikuwa nisifunge, maana watu wa treni hufika wamechoka.

Kaka yako,
Ottorino