Kapteni Awahamisha Watu wa Mweiga

Nanyuki, 3 Machi 2025

Mama,

Habari ya nyumbani? Mgongo unaendeleaje? Mimi ni mzima, ila nimekasirika. Simu tumenyang'anywa hadi mafunzo yaishe, ndiyo maana naandika.

Mama, lile la hapo kijijini lilikuwa zoezi tu! Moto wa kubuni, na kazi yangu kukihamisha kijiji nikishirikiana na kaunti, askari wa misitu na maafisa wa nchi za nje. Nikatangaza dakika ishirini. Wewe, mbele ya wote, ukaketi ukasema huendi popote. Kijiji kizima kikaketi! Mkaguzi ameandika: "Anaamuru, haongozi." Zoezi linarudiwa Ijumaa; nikianguka tena, jina langu linatolewa kwenye kikosi cha kulinda amani.

Mwanao, Murugi

Mweiga, 5 Machi

Murugi,

Nashukuru uko mzima. Mgongo ni ule ule.

Dakika ishirini, saa ya kukamua, gari la maziwa liko njiani! Kwani ulizaliwa wapi wewe? Ulishika kipaza sauti bila maombi, wageni hukututambulishia, na ukamkatiza Griffins, askari wa msitu anayejua upepo unatoka wapi. Hata Krismasi uliwapanga shangazi zako foleni ya chai. Wao walinyamaza. Mimi siwezi.

Ijumaa anza kwa kuuliza. Mwache Griffins aonyeshe njia. Wakonyo wa chama cha maziwa alicheleweshe gari. Akisema yeye, tutatoka na ng'ombe wetu. Halafu unyamaze kidogo, kama utaweza.

Mamako, Watiri

Nanyuki, 12 Machi

Mama,

Hujambo? Nimefaulu! Kanali mmoja mgeni aliuliza mara tatu, "Nani anaamuru hapa?" Nikauma ulimi. Wakonyo akamjibu, "Ati nani? Si unaona tunaenda!" Nyumba zote zilikuwa tupu kabla ya wakati.

Kikosi chetu kinaondoka tarehe ishirini, kwa mwaka mzima. Simu nilirudishiwa Jumamosi lakini hushiki. Mbona?

Mwanao, Murugi

Mweiga, 16 Machi

Murugi,

Mimi ni mzima, usiwe na wasiwasi. Sikushika simu kwa sababu nina hasira, na si kwako.

Ulipoanguka mara ya kwanza nilifurahi. Nilijua hutaenda. Kisha barua yako ikaja na uchungu wote ule, na mimi mjinga nikakufundisha. Sasa nimekupeleka kwenye vita vya watu kwa mkono wangu mwenyewe, na mwaka mzima nitakuwa nikizima redio ikifika habari. Naogopa, mwanangu.

Jumatano nakuja kukuaga. Na usithubutu kunionyesha pa kusimama.

Mama