Maana za Kuanzia M Hadi P

Kwako Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti lako limeacha kukutabiria mvua. Sisi huku wazima. Binti yako amenenepa kidogo mashavuni, usije ukasema namlaza njaa, na kibanda changu cha dobi bado kimesimama ingawa mlango wake unafunguka kwa bega.

Najua unachotaka kusikia ni mtihani. Nitafika huko, ila nivumilie, maana habari hii ukiianzia mkiani itakung'ata.

Ulipomleta mpwa wangu ulinikumbusha mara tatu kwamba shule ile inachukua watoto arobaini tu kati ya mamia, na kwamba kinachowaangusha wengi ni Kiingereza kigumu. Ukanikabidhi ile orodha ya maneno mia tatu, ukasema humuogopei kwa kuwa mjomba wake ni mtu wa Kiingereza. Nikaitikia. Mtu akisifiwa mbele ya mtoto hana pa kujificha.

Tukapanga masomo kwa kufuata kazi. Kila shati neno moja. Naanza na kola, yeye anatamka. Nikifika kwenye mikono, anataja maana. Nikigeuza mgongo, anatunga sentensi. Akikosea, shati linarudi kwenye kola na kulowekwa upya. Fundi viatu wa jirani akatangaza kwamba siku hizi nguo za mtaa huu zinarudi zimesoma kuliko wenye nguo, akauliza kama soksi zake nazo zinaweza kupata angalau cheti. Mpwa wangu akamjibu kwamba soksi zile zianze kwanza kuoga. Mtoto ana ulimi, Dada, na sisemi kautoa kwa nani.

Maana nilizipata kwenye kamusi niliyonunua kwa muuza vitabu vikuukuu. Kamusi nzuri, nzito, hata pasi ikipoa naweza kukandamizia pindo. Kasoro yake ni moja: aliyekuwa nayo kabla yangu alichana kurasa, nadhani za kufungia karanga, kuanzia M hadi P. Kwenye orodha ya shule, maneno ya herufi hizo nne yalikuwa sitini na moja.

Mtu mwingine angesema hajui. Mimi nilitazama shati, nikatazama mtoto alivyoshika kalamu akinisubiri, nikatoa maana. “Meticulous,” nikasema, ni mtu mwenye safari nyingi. “Obstinate” ni mzee aliyekaribia kustaafu. Lilipokuja “parsimonious” nilikuwa nimeshapata mkono, nikasema ni mcha Mungu. Akaandika yote. Nikajiambia mtihani hauwezi kuuliza kila neno, na mvuvi wa uongo huwa anaamini wavu wake.

Sasa yupo mwalimu mmoja mstaafu, mteja wangu wa suruali mbili kwa wiki. Siku moja aliketi kwenye benchi akisubiri, mpwa wangu akataja kwa sauti ya kujiamini kwamba “parsimonious” ni mcha Mungu. Mwalimu akanitazama juu ya miwani yake kwa muda wa kukunja suruali nzima. Kisha akasema taratibu kwamba kama ni hivyo, basi wacha Mungu wa mtaa huu anawafahamu wengi, na kuna mmoja hajawahi kumnunulia mtu hata kiberiti. Akachukua nguo zake, akaenda. Nikaisahau pasi mkononi, nikaunguza ukosi wa watu.

Wiki haikwisha akaleta suruali nyingine. Wewe unajua, dobi anayejua kazi hatii nguo maji kabla ya kugeuza mifuko. Suruali ilikuwa safi, ina hata mikunjo yangu mwenyewe ya juzi, na mfukoni mlikuwa na karatasi mbili zilizokunjwa mara nne. Maneno yote sitini na moja, M hadi P, kila moja na maana yake, kwa mwandiko ule wa walimu wa zamani unaolala upande mmoja kama majani kwenye upepo. Nilisoma nimeupa mlango mgongo. Katika yote sitini na moja, nilikuwa nimepatia mawili, na yule mcha Mungu wangu kumbe ni bahili.

Siku ya pili nikamwambia mpwa wangu kwamba tutarudia maneno fulani, kwa sababu Waingereza wamebadilisha maana. Akaniuliza kwa upole kama wamebadilisha herufi nne tu. Nikasema ndiyo, wameanzia katikati. Akasema sawa, Mjomba, akafungua ukurasa mpya.

Siku ya mtihani nilikaa nje ya ukuta wa shule pamoja na mwalimu, aliyekuja kwa hiari yake. Nikaona hapo ndipo pa kumshukuru kwa zile karatasi. Akasema nimshukuru mpwa wangu. Kumbe mtoto alimfuata nyumbani kwake jioni ile ile ya mcha Mungu, na orodha mkononi, akamwomba amwandikie maana za kweli, kisha akamwomba amwandikie nakala nyingine na kuiacha mfukoni mwa suruali. Alimwambia kwamba Mjomba akijua kuwa amegundulika ataona haya, na akiona haya ataacha kumfundisha, na yeye anapenda kufundishwa na Mjomba.

Nilijishughulisha kunyoosha shati nililovaa.

Ijumaa barua ya shule ikaletwa kibandani, yote kwa Kiingereza. Mwalimu yupo, fundi viatu yupo, mama muuza mkaa yupo. Binti yako akaishika, akanipa mimi niisome. Nikaanza vizuri. Tunapenda, nikatafsiri, hapana, kwanza walisema mpendwa, kisha tunapenda kukujulisha kwamba nafasi yako katika shule yetu ime... Na hapo, Dada, pakawa na neno moja fupi ambalo sijawahi kuliona. Imetolewa au imefutwa, neno lenyewe ndilo lilikuwa linaamua. Maana ilikuwa tayari mdomoni, nzuri, ya kufurahisha, kama nilivyozoea.

Nikasema: hili silijui.

Nilisema mbele yao wote. Fundi viatu akaacha kutafuna. Mpwa wangu akaja akasimama chini ya bega langu, akasoma, akasema: “Nimepewa, Mjomba. Wamenipa.” Kisha akanishika mkono ule ule wa pasi, na sikuutoa.

Basi, Dada, kulia au kucheka, sasa chagua. Na kwa kuwa nimeshaanza, nimalize: Kiingereza sikuwahi kukijua. Nilikuwa najua kukaa kama mtu anayekijua. Yale maelezo ya cherehani yako ya kwanza niliyokusomea kwa sauti siku ile, niliyabuni yote. Cherehani haikuwa mbovu, ni maelezo yangu. Nisamehe.

Binti anarudi Jumamosi kufungasha. Mpokee kwa vigelegele, usimwachie shemeji ampokee kwa mawaidha. Msalimie huyo shemeji, wasalimie na watoto, na fundi viatu anasema anakusalimu ingawa hakujui. Mimi naendelea na orodha kila jioni hadi aondoke, na mwalimu wangu mpya, huyo huyo binti yako, anasema nikikosea, shati linarudi kwenye kola.

Ni mimi mdogo wako,
Dobi