Kichupa cha Baba

Gatuanyaga, Jumamosi

Bado nacheka, ingawa asubuhi nilikasirika sana. Nimetoka chuoni na vichupa vya kuchukua sampuli za choo, halafu jirani yetu Mzee Kamau ananiletea mavi ya ng'ombe! Eti huku anayeitisha kinyesi ni daktari wa mifugo.

Nikawaeleza upya majirani waliokusanyika uani kwetu: tunachunguza bakteria wanaoishi tumboni mwa watu, tujue kama wanachangia saratani ya kongosho. Akina mama wakanong'ona. Choo cha mtu kinachukuliwa na mchawi, si msomi.

Ndipo Baba akatoka nyumbani polepole, na fimbo yake. Kongosho yake ndiyo inayougua. Mimi binti yake nilikuwa nimeogopa kumwomba.

"Nipe kichupa changu," akasema, mbele ya watu wote.

"Baba, hii haitakuponya."

"Najua. Lakini wewe utajua kitu."

Mzee Kamau akapanga foleni nyuma yake. Kisha wale akina mama, mmoja mmoja.

Sheria hairuhusu kuandika majina kwenye vichupa, nambari tu. Baba nimempa nambari ya kwanza. Kule maabara hakuna atakayejua ni nani. Mimi najua.