Magitaa Kumi Nyuma ya Mlango Wako

Mwanangu Makori,

Nilipoteza sauti yako Jumatano ya mwisho ya mwezi wa tano, saa nne asubuhi, nikiwa karakanani hapa sokoni Ekerenyo na randa mkononi. Ujumbe wako ulikuwa mfupi. "Tata, wamechukua pasipoti zetu, wanasema ni kawaida. Simu pia wanazitaka. Nitakupigia." Sasa ni mwezi wa nane. Hujapiga.

Naandika mbele ya watu kwa sababu njia za kuandikia pembeni zimeisha. Namba yako haipatikani. Wakala aliyekupeleka Uarabuni nilimfuata Kisii mjini, nikakuta ofisi yake imekuwa saluni, na binti mwenye kitana mkononi akaniuliza kama nimemleta mke wangu asukwe. Kwa hiyo vijana wa kanisa wataipitisha barua hii kwenye simu zao, na yeyote aliye huko anayekujua akusomee, hata kama ni kwa kukunong'oneza kupitia ukuta.

Naogopa, tata. Nakuita tata kama nilivyomwita baba aliyenizaa kwa kuwa una jina lake, na hata yeye sikuwahi kumwambia kwamba naogopa. Mtu aliyeanza useremala na msumeno wa kuazima anapima na kukata, basi; kuogopa anawaachia wenye nafasi. Lakini siku hizi nikivuta tepu, namba zinanichezea. Juzi nimekata mguu wa kitanda cha mteja mara mbili, na mara zote mbili ukatoka mfupi.

Nikitaka kutulia, narudi kwenye ile stendi ya magitaa niliyokutengenezea.

Ulinijia na mkono kiunoni, na uso wa mtu aliyelala vibaya. Magitaa ya kutengenezwa yalikuwa yamekujazia nyumba: ya kwaya kutoka Nyamarambe, ya vijana wa Mosocho, la mwalimu mmoja lenye ufa tumboni. Mengine uliyalaza kitandani, wewe ukalala ukingoni. Usiku mmoja uligeuka, moja likaanguka, shingo ikavunjika.

"Tata, nitengenezee kitu cha kuyasimamisha."

"Mangapi?"

"Kumi, na langu likiwemo."

"Unene?"

"Lile nene kabisa, sentimita kumi na mbili."

Nikakwambia tuyape kumi na saba kila moja, mkono upate pa kuingia. Kumi mara kumi na saba ni mia na sabini. Ongeza nguzo mbili za sentimita tano, moja kila upande: mia na themanini. Ukakimbia kupima ukuta, mimi nikabaki dirishani. Kwa wasomaji wasio wa kwetu: sisi tuna heshima tunayoiita chinsoni. Mwana wa kiume akishatahiriwa na kupata nyumba yake, babake haingii humo. Haingii kuona, haingii kusaidia, haingii mvua ikinyesha. Hiyo nyumba uliijenga na wenzako. Mlango na fremu nilitengeneza mimi, nikavifunga nikiwa nimesimama nje kama mgeni. Ndani sijawahi kukuona.

"Mia na themanini na mbili!" ukapaza sauti kutoka ndani.

"Umepima chini au juu?"

"Chini."

"Pima na juu. Ukuta wa udongo una tabia zake."

Kimya kidogo. "Mia na themanini na moja na nusu. Tata, ulijuaje?"

Nilijua kwa sababu nimepigilia misumari kuta za nusu ya Nyamira. Nikachora ubaoni kwa penseli ya sikioni: reli ya chini yenye mfereji wa kukalia matumbo ya magitaa, reli ya juu yenye mapengo ya shingo, na mgongo ulioegemea nyuma kidogo ili gitaa lisianguke hata panya akipita. Mbao za saiprasi, kwa kuwa ni nyepesi na hazipindi zikikaushwa vizuri. Kwenye mapengo nikataka kuweka vipande vya tyubu ya pikipiki. Ukaruka kana kwamba nimekukanyaga.

"Mpira unakula vanishi, Tata! Likikaa mwezi mmoja, shingo inanata kama ulimbo."

"Basi tuweke nini, hariri?"

"Blanketi kuukuu."

Tukatumia lile la kijivu la mama yako, naye akatununia mpaka jioni. Ulipiga msasa mpaka vidole vikatoka vumbi jeupe. Mwanamke mmoja alipita akitoka kupeleka majani chai, akaona kitu kirefu cha mbao kimelazwa uani kwa fundi anayetengeneza pia majeneza. Akasimama, akateremsha kikapu.

"Fundi, pole sana. Nani ametutoka?"

Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Ni mimi, mama! Nipimie kama nitaenea!" Ukajilaza juu yake, ukafumba macho, ukafumbata mikono kifuani. Mimi pia nilicheka. Mama yako ndiye hakucheka. Alikuja na mwiko, akakupiga nao mguuni, akasema uondoke hapo mara moja. Leo najua mwanamke yule alipita saa ngapi na alivaa leso ya rangi gani, maana kila nikifumba macho nakuona umelala vile, na hucheki.

Kisha tukaja mlangoni. Stendi ikaingia nusu, ikagonga kitu. Kumbe ulijenga kiambaza cha udongo, mita moja tu kutoka mlangoni, kukinga kitanda. Ulinipa ukuta, hukunipa kiambaza, na mimi ningekionaje? Tukaisimamisha wima, mlango una sentimita mia na sabini, ukakataa. Wewe umebanwa ndani, mimi nimeshika mwisho wa nje, vidole vya miguu kwenye kizingiti, siwezi kusogea hata unyayo mmoja kukusaidia kuinua. Baba yako mdogo Ombati akaja akasimama nyuma yangu. Yeye naye kwako ni baba, haruhusiwi, kwa hiyo akasaidia kwa mdomo.

"Hii si stendi, ni daraja. Tukitaka chai tutakuwa tunapitia juu."

"Ombati, shika hapa au nenda nyumbani."

"Nishike nini? Fundi mzima wa Ekerenyo amejenga lori ndani ya chupa!"

Na wewe ndani, sauti imezibwa na mbao: "Baba mdogo, usinichekeshe, nitaiachia!"

Nikaleta msumeno, nikaikata katikati hapohapo mlangoni. Roho iliniuma, lakini hesabu ilikaa sawa. Kila nusu ilihitaji nguzo zake mbili, nguzo nne zikala sentimita ishirini, kwa hiyo nafasi kumi hazikuenea tena. Tisa zilienea: tano upande mmoja, nne upande wa pili, bolti mbili katikati. Nikauliza la kumi litakaa wapi.

"Ni langu," ukasema. "Litaning'inia msumarini juu ya kichwa changu. Wageni ndio wapewe viti."

Jioni ulifungua dirisha ukanipigia hilo gitaa lako, mimi nikiwa kwenye kigoda nje na kikombe cha chai. Ulikuwa na mkono wa kushoto mzuri sana. Sikukusifu. Niliuliza tu kama stendi inayumba, ukasema haiyumbi hata kidogo.

Sasa nikueleze kinyongo changu, maana ninacho. Uliniambia unakwenda Kisii kununua nyuzi. Ulikuwa na mfuko mmoja mgongoni na ufunguo wa kufuli kwenye kamba shingoni. Niliporudi kutoka karakanani ukanipigia kutoka uwanja wa ndege: "Usimwambie mama mpaka nifike." Ulikuwa na kazi, Makori. Watu walikuwa wanakuletea magitaa kutoka Nyamarambe, kwa gari mbili! Na mimi, ambaye hata mita moja ya bodaboda hukuwahi kupanda bila kunieleza, ukaniacha nidanganye mama yako siku mbili mezani. Hilo tutalizungumza. Nataka sana tulizungumze.

Wiki iliyopita kiongozi wa ile kwaya ya Nyamarambe alikuja kuulizia gitaa lao. Mtu mpole, alivua kofia. Nikamwambia limefungiwa, mwenyewe akirudi atampa. Akatazama mlango, akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Mzee, alikuwa fundi mzuri." Alikuwa. Nilimshika mkono nikamsindikiza barabarani, na nikirudi nikajikuta nimeshika mti wa ndizi kama mlevi.

Halafu Jumanne, saa tano mchana, mvua ikinyesha, napita karibu na dirisha lako, nikasikia kitu ndani. Mlio mmoja. Uzi umekatika. Naelewa vizuri: baridi, unyevu, uzi uliokazwa muda mrefu bila mtu wa kuulegeza. Naweza hata kukadiria ulikuwa wa ngapi, maana ulilia kwa sauti nyembamba. Lakini nilikimbilia dirishani. Nilisimama kwenye matope nikiita jina lako mbele ya nyumba iliyofungwa kwa kufuli nje, na mama yako akatoka jikoni akaniuliza namwita nani. Nikamwambia naita kuku.

Hajaniamini. Tangu siku hiyo anapita mbali na dirisha, anazunguka nyuma ya choo kwenda kuchota maji.

Na Ombati, aliyekuchekesha mlangoni, hacheki tena. Jana alikuja na ndugu wengine wawili wakakaa chini bila kuombwa. Alisema polepole, akitazama kikombe, "Kaka, nyumba haiwezi kukaa hivi. Kesho mwanangu Evans akate kufuli. Yeye ni ndugu yake, anaweza kuingia. Watu wapewe magitaa yao, stendi itolewe, na yeye alale humo, moshi uonekane."

"Na Makori akirudi?"

Macho yalimlowa, na hicho ndicho kilichonitisha kuliko maneno yake. Kama angenibishia ningembishia. Mtu akikulilia mwanao mbele yako, unamwambia nini?

Nimeomba mpaka Jumapili, nao wamekubali. Sitaki stendi ile ifunguliwe bolti na mkono usio wako. Sitaki kuona mlangoni vitu ambavyo sikuruhusiwa kuviona ndani: kitanda chako, viatu vyako, huo msumari. Baba mmoja ninayemjua aliona vitu vya ndani ya nyumba ya mwanawe siku moja tu, vilipotolewa nje watu wakilia, na mengine ya siku hiyo siyaandiki hapa.

Kwa hiyo swali langu ni moja na nalitaka jibu lake lililonyooka, bila salamu, bila "nitakupigia". Unarudi kwenye nyumba yako, ndiyo au hapana? Ukisema ndiyo, Jumapili nitaweka kigoda mbele ya kufuli nikae, na Ombati ananijua nikikaa. Ukisema hapana, nitakasirika, nitakutukana hata, lakini nitaipokea, kwa kuwa hapana inasemwa na mtu anayepumua.

Nijibu kabla ya Ijumaa hii saa kumi na mbili jioni. Unajua saa hiyo Sabato inaingia na simu yangu huzimwa, tangu ninunue ya kwanza. Ijumaa hii sitaizima. Itakuwa mezani kwenye ibada, uso juu, mama yako akiiona na mchungaji akiiona, na mtu asinisemeshe. Azima simu, iba simu, mpe mlinzi yeyote namba yangu aandike herufi moja.

Ndiyo au hapana, Makori?

Mimi baba yako