Radhi Niliyoifuata kwa Kusumu

Mama,

Shikamoo. Sijui nani anakuamkia huko uliko, kwa hiyo naanza na hilo.

Miezi minane imepita tangu tulipokuzika hapa Ibra. Kaka Nasoro amekata ule mlimao uliokuwa ukigombana na ukuta wa jirani. Mwanawe siku hizi ananijibu kwa Kiarabu tu, na mimi namkazania Kiswahili kama ulivyotukazania sisi. Jumatano, siku ya soko la wanawake, napita njia ya mbali, maana wenzako wauza udi wakiniona wanaanza kulia, na mimi sipendi kulia mbele ya watu.

Lakini sikukuandikia habari za mlimao. Nakuandikia kwa sababu naogopa, na nikiogopa nimezoea kukwambia wewe.

Siku ya maziko, Nasoro aliwaomba watu, kama desturi yetu, kila uliyemkosea akusamehe. Wote wakasema wamekusamehe. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, nikijua kwamba mtu wa kulisema neno hilo hayupo. Ulikuwa umenishika mkono hospitali ukasema, "Nenda kwa Kusumu. Niombee radhi." Mambo yenyewe ulinisimulia mara moja tu, umegeukia ukutani. Tabora mlikaa mlango kwa mlango, wewe na yeye, Mhindi wa Kibanyani, na Nasoro alikulia mgongoni kwake. Siku mnaondoka kuja Oman alikuletea chapati za njiani. Na wewe, kwa kuwaogopa mashemeji, ukasema kwa sauti kwamba chakula cha kafiri hakipandi gari lenu. Kusumu alikuwa bado mlangoni.

Basi nilikwenda, Mama. Anwani yake ya huko Hindi nilipewa na Banyani mmoja wa Sur, muuza vitambaa, mzaliwa wa Tabora. Nasoro nilimdanganya kuwa naenda Hindi kutibiwa mgongo, kama waendavyo nusu ya watu wa Ibra. Sijapata kulala hoteli peke yangu maisha yangu yote. Nilisukuma kiti mpaka mlangoni, na ilikuwa saa tisa mchana.

Asubuhi yake, nyumbani kwa Kusumu, nilimkuta mkwewe. Kwa ishara nyingi alinielewesha kwamba mama mkwe hushinda hekaluni mpaka adhuhuri. Ningeweza kumsubiri hapo hapo barazani. Lakini nilijijua: nikikaa kitako, hofu itanirudisha uwanja wa ndege. Nikamfuata.

Mlangoni askari alinyoosha kidole kwenye mkoba wangu, ule ulioninunulia Nizwa. Ngozi haiingii. Pasipoti ilikuwa humo humo. Nikauacha kwa mtunza viatu, mtu ambaye sikujua hata jina lake, nikaingia miguu mitupu na baibui langu jeusi, na watu wote wakinitazama.

Hekalu lile ni kubwa kuliko ngome ya Nizwa, na kila jiwe limechongwa sura. Kengele zilinipigia mpaka kifuani. Nilisoma Ayatul Kursi nikakosea, nikaanza upya, nikakosea tena, mimi niliyeihifadhi nina miaka sita. Mara pazia la sanamu yao likafunguliwa huko mbele, watu wote wakasukumana kwa mikono juu, nikabebwa nao. Sikutazama mbele. Nilitazama visigino vya watu tu, na nikawaza: nikifa hapa, Nasoro ataambiwa nini?

Nilitokea upande wa pili, kwenye ua ambamo vikongwe walikuwa wanatunga maua. Mmoja alikuwa na zile nukta tatu za kijani kidevuni ulizoniambia.

"Shikamoo, Mama Kusumu."

Uzi ukamwanguka. Alinitazama sana. "Marahaba," akasema, Kiswahili cha Tabora kabisa. "Wewe mtoto wa Salma. Pua ile ile. Mama hajambo?"

Na mimi, Mama, nikajibu, "Hajambo, anakusalimu sana."

Mdomo ulijibu wenyewe. Ulitufundisha jawabu hilo kabla hatujajua kula. Ningeweza kulifuta pale pale, lakini uso wake ulikuwa umeshachangamka, nikaingiwa na woga kuliko wa pale kwenye pazia. Nikasema tu kwamba umenituma nikuombee radhi kwa maneno ya siku ile.

Alicheka, huku anajifuta macho kwa ncha ya sari. "Miaka thelathini nimekaa na neno lile. Mwambie aje mwenyewe. Nitamtukana kidogo kwanza, halafu radhi nitampa kwa mdomo wangu. Wewe sikupi."

Nikampa namba ya simu, nikaondoka. Ndiyo ushujaa wangu huo.

Sasa kila Ijumaa baada ya Alasiri anapiga. "Salma yuko wapi? Mpe simu." Nimeshakupeleka arusini Sur, nimekupeleka Fanja kwa jamaa, nimesema umelala. Ijumaa iliyopita aliniambia amekununulia kitanda. Kifupi, maana anajua magoti yako hayapandi.

Mama, usingizi umenikimbia. Wewe unalingoja neno lake, na yeye anakungoja wewe, na mimi nimekaa katikati nikisema uongo kwa adabu. Naogopa akijua atakasirika, na radhi ataizuia. Naogopa zaidi asije akaondoka duniani na yeye kabla sijamwambia, tukaikosa kabisa.

Nasoro nimemweleza kila kitu jana. Akauliza kama Kusumu bado anamkumbuka. Anataka tufuatane. Nimemkatalia, maana uongo ni wangu.

Tiketi nimeshakata, naondoka baada ya Idi. Pumzika, Mama, Mungu akunawirishie kaburi lako. Atakalolisema, zuri au baya, nitakuletea mpaka hapo ulipolala. Na nakuahidi hili moja: nitamwambia kabla hajanionyesha kile kitanda.

Mwanao,
Zuwena