Koti Ulilotundika kwa Mama

Kakamega, Jumapili

Kwa Baba Mdogo Osiako,

Sisi hatujambo. Mahindi tumepalilia, na Mama anakula vizuri tangu uondoke.

Uliniagiza nikutafutie andiko la kukuruhusu kumrithi mjane wa ndugu yako, kwa kuwa Baba hakuacha mtoto wa kiume. Ukanitumia kamusi yako ya Kigiriki, na programu inayopanga Kiebrania na Kigiriki bega kwa bega. Asante. Kamusi hiyo umeipandisha mimbarini miaka yote, na kurasa zake bado zimegandana.

Nimesoma Kumbukumbu la Torati, sura ya ishirini na tano. Kiebrania kinasema ili ndugu amrithi mjane, marehemu awe hana mtoto wa kiume. Wayahudi wa kale walioitafsiri kwa Kigiriki waliandika awe hana uzao. Binti ni uzao, Mchungaji.

Mama hakuhitaji Kigiriki. Alikukatalia kwa Kiluhya, mbele ya wazee, ukajifanya kiziwi.

Lile koti ulilotundika chumbani mwake ili watu wajue umemrithi, sasa linalaliwa na mbuzi aliyezaa juzi. Usilifuate.

Ni mimi, uzao wa ndugu yako,
Zilpah